Uraia wa Siku za Kawaida: Wiki Moja Jijini Kampala

Tunapofundisha elimu ya uraia darasani, mara nyingi huanza na mambo makubwa. Huanza na katiba, tukaingia bungeni, tukapita mahakamani, tukamalizia kwenye sanduku la kura. Mwanafunzi hujaza daftari, hufaulu mtihani, kisha hutoka nje ya lango la shule na kutupa ganda la ndizi barabarani. Lawama si yake peke yake. Tumemfundisha uraia kana kwamba ni jambo linalotokea mara moja kila baada ya miaka mitano, siku ya kupiga kura, ilhali uraia hutokea kila asubuhi mtu anapofungua mlango na kukutana na jirani yake.

Kwa sababu hiyo huwapa wanafunzi wangu zoezi moja kila muhula, na wiki iliyopita niliamua kulifanya mwenyewe. Nilibeba daftari dogo, na kila siku nikaandika jambo moja nililoliona kwa macho yangu: jambo dogo, lisilostahili kutangazwa redioni, lakini linalohusu namna tunavyoishi pamoja. Ninaishi na kufundisha Kiswahili Kampala, jiji la vilima na mabonde, ambamo mwenye kilima na mwenye bonde hukutana sokoni, njiani na kwenye mtaro wa maji. Haya ndiyo niliyoyaandika. Yasome ukiufikiria mji wako, uwe Mwanza, Bujumbura, Goma au Kisumu.

Jumatatu: Noti iliyopita mikononi mwa wanne

Usafiri wa watu wengi hapa ni gari dogo la abiria 14 ambalo sisi huliita teksi. Wenzetu wa Tanzania huliita daladala, wa Kenya matatu. Gari ni jeupe, lina mshipi wa miraba ya buluu, na abiria anapotaka kushuka husema kwa Kiganda “mu maaso awo”, yaani hapo mbele, na kondakta huelewa.

Mwanamke aliyeketi kiti cha nyuma kabisa alitoa noti ya shilingi 20,000 ili alipe nauli. Noti ile ilipita mikononi mwa watu wanne kabla ya kumfikia kondakta. Chenji ikahesabiwa, ikarudi kwa njia ile ile, mkono hadi mkono, na ikamfikia mwenyewe bila kupungua hata shilingi mia moja. Wale wanne hawakujuana. Hakuna sheria iliyowalazimisha, wala askari aliyewasimamia. Hata hivyo, hakuna aliyewaza kuitia noti mfukoni, na mwenye fedha hakugeuza shingo kuifuatilia.

Mwendo mfupi baadaye kondakta akasimamisha gari na kutaka kumwongeza abiria wa kumi na tano, amsonge karibu na mlango. Sasa watu wale wale waliokuwa waaminifu wakawa mabubu. Mmoja alitazama simu, mwingine akatazama dirishani. Msichana aliyevaa sare ya uuguzi ndiye aliyesema kwa upole: “Ssebo, tumekwisha timia.” Mara mzee mmoja akaitikia, kisha mama mwenye mtoto, kisha gari zima. Kondakta akacheka, akafunga mlango, tukaondoka.

Nililoliandika siku hiyo ni hili: uaminifu tunao, na ni mwingi kuliko tunavyojisifia. Tunachokikosa ni sauti ya kwanza. Wengi huweza kuwa wa pili, wa tatu na wa kumi. Jamii ambayo kila mtu anasubiri kuwa wa pili hupanda gari lililojaa kupita kiasi mpaka siku ya ajali.

Jumanne: Safari ya chupa moja

Mvua ilinyesha alasiri. Kabla haijakatika, kijana aliyevaa vizuri, shati limepigwa pasi na viatu vinang’aa, alimaliza kunywa maji, akashusha kioo cha gari na kuitupa chupa nje. Chupa ikaangukia mtaroni, ikayumba kidogo, ikachukuliwa na maji.

Nataka uisindikize chupa ile, msomaji wangu, maana somo lake ni refu. Maji mengi ya katikati ya Kampala huteremka kutoka vilimani na kuingia katika mfereji mkuu wa Nakivubo. Mfereji huo hupita katikati ya jiji, hukatiza kinamasi cha mafunjo, na kumwaga katika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria. Katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, ndiko iliko mitambo inayovuta na kusafisha maji ya mabomba ya jiji letu. Kwa hiyo anayetupa uchafu mtaroni leo anautuma kwenye kisima atakachonywea kesho. Kadiri tunavyoyachafua maji hayo, ndivyo kuyasafisha kunavyogharimu zaidi, na gharama hiyo haiwezi kulipwa na mtu mwingine ila sisi wenyewe.

Si chupa zote zinazofika ziwani. Nyingi hukwama njiani, kwenye makalvati, na maji yakikosa pa kupita huingia majumbani. Wenye nyumba za kilimani huiona mvua kama baraka ya bustani. Wakazi wa Bwaise na Kalerwe huiona kwa kuinua magodoro juu ya meza. Chupa hutupwa na mtu wa juu. Maji hulala kwa mtu wa chini. Bonde halikuchagua kuwa bonde.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema katika ibara ya 39 kwamba kila mtu ana haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Watu wengi wanaipenda ibara hiyo. Lakini ibara ya 17, inayotaja wajibu wa raia, inasema pia kwamba ni wajibu wa kila raia kuyajenga na kuyalinda mazingira hayo. Haki na wajibu vimeandikwa katika kitabu kimoja, kurasa chache tu kati yao.

Hata hivyo, tusimlaumu kijana yule peke yake. Nilipotembea njia ile ile nikahesabu, sikuona pipa hata moja la taka. Mwenye kipato kidogo akitaka taka zake zizolewe lazima alipe, na asiyeweza kulipa hungoja mvua imzolee. Na hizo zinazozolewa nazo zina habari yake: mnamo Agosti 2024 lundo la jalala la Kiteezi, kaskazini mwa jiji, liliporomokea nyumba za watu, na makumi wakafa. Wakazi wale hawakuzalisha taka zote zilizowafunika. Zilikuwa zetu sisi sote. Raia akiulizwa kuhusu chupa yake, na mamlaka nayo iulizwe kuhusu pipa na jalala. Maswali haya mawili yaulizwe kwa pamoja, kwa maana kila upande umezoea kujificha nyuma ya kosa la mwenzake.

Jumatano: Pikipiki iliyosimama mshazari

Neno bodaboda sasa limeenea Afrika Mashariki nzima, na asili yake ni hapa jirani, kwenye mpaka wa Busia, ambako vijana waliwabeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi wa pili wakiita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Neno likavuka, likaingia katika Kiswahili, likaacha baiskeli na kupanda pikipiki. Lakini sifa ya waendeshaji wake si nzuri. Husemwa kwamba hawana adabu ya barabara, na mara nyingi husemwa kweli.

Saa mbili asubuhi, kwenye kivuko cha watembea kwa miguu chenye mistari myeupe iliyofifia, mtu asiyeona alisimama na fimbo yake nyeupe. Magari yalipita. Baadhi ya madereva walipiga honi, kana kwamba honi ni taa ya kumwangazia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara, mbali kidogo. Kabla sijafika, kijana wa bodaboda aliyekuwa na abiria mgongoni aliisimamisha pikipiki yake mshazari katikati ya njia, akanyoosha mkono, akayazuia magari ya upande ule. Hakusema neno. Dereva wa upande wa pili alipoona hivyo naye akasimama. Mtu yule akavuka, akainua fimbo kidogo kama anayeshukuru, ingawa hakujua ni nani wa kumshukuru.

Mistari ile ilichorwa na mamlaka, na sheria inayoipa nguvu ilitungwa na bunge. Lakini asubuhi ile sheria haikuwa na miguu mpaka kijana mmoja alipoiazima yake. Nami nikajionya nisiwahukumu watu kwa kundi. Tukisema “watu wa bodaboda” au “watu wa maofisini” au “watu wa kule bondeni”, tunampoteza yule mmoja aliyesimama mshazari, na tukishampoteza hatutapata wa kuwaonyesha wenzake kama mfano.

Alhamisi: Muhuri na swali la risiti

Kwa msomaji asiye wa Uganda, nieleze kwanza. Serikali yetu ya mtaa huanzia ngazi ya kijiji, hata mjini, na huitwa LC1. Mfumo huu ulitokana na mabaraza yaliyoenezwa nchini kuanzia mwaka 1986. Wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi ndio baraza la kijiji, nao humchagua mwenyekiti anayeongoza kamati ya watu kumi. Uchaguzi wa viongozi hawa ulipofanyika tarehe 10 Julai 2018, ulikuwa wa kwanza baada ya miaka 17, na wakazi hawakupiga kura ya siri, bali walijipanga foleni nyuma ya mgombea waliyemtaka. Kura ya siri hukukinga. Foleni hukuanika mbele ya mwenye nyumba wako, mkopeshaji wako na shemeji yako. Ndiyo maana nasema kwamba ujasiri wa kiraia huanzia mtaani kabla haujafika bungeni.

Mwenyekiti wa LC1 ni mtu muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Barua yake hukutambulisha unapotafuta kitambulisho, unapofungua akaunti, unapomdhamini ndugu yako. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza mboga na kupanga chumba kimoja, alihitaji barua hiyo kwa ajili ya mwanawe. Aliniomba nimsindikize, nasi tukaenda katika ofisi ya mtaa fulani. Aliandikiwa barua, kisha akaambiwa atoe “kidogo cha muhuri”.

Mama yule hakugomba. Alifungua kanga, akatoa fedha zilizokunjwa, akazishika bila kuzikabidhi, akauliza: “Mzee wangu, risiti nitapewa wapi?”

Palikuwa na kimya. Karani akamtazama mwenzake. Akasema kitabu cha risiti kimekwisha. Mama akajibu kwa heshima ile ile: “Basi nitangoja kitabu kipya, mimi sina haraka,” akaketi kwenye benchi. Tuliketi kama nusu saa hivi. Watu wengine waliingia, wakamsikia akirudia jibu lake, nao wakaanza kuuliza swali hilo hilo. Mwishoni akapewa barua yake, na fedha hazikuulizwa tena.

Sisemi kwamba kila ada ni dhuluma. Karatasi ina gharama, wino una gharama, na viongozi wengi wa mitaa huamshwa usiku kusuluhisha ugomvi ambao hawalipwi hata senti. Ninalosema ni kwamba fedha ya umma huacha alama. Ikiwa ni halali, itaandikwa. Isipoandikwa, mtoaji ana haki ya kuuliza. Tena tazama namna alivyouliza. Hakumwita mtu mwizi, wala hakupaza sauti au kutaja jina la mkubwa anayemfahamu. Aliuliza swali fupi ambalo mtu mwema angelijibu bila kuudhika, akakaa palepale kulisubiri jibu.

Ijumaa: Kiswahili alichokijua mzee

Jioni nilikuwa nikirudi nyumbani na madaftari ya wanafunzi mapajani. Mzee aliyeketi kando yangu alisoma jalada la lile la juu, akaniuliza kwa Kiganda: “Mwalimu, hicho ndicho unachokifundisha?” Nikamwambia ndiyo, ni Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba naye anakijua. Nikafurahi, nikamwomba anisemeshe. Akahesabu kwa vidole: “Toka. Lala chini. Leta pesa. Panda gari.”

Alipotamka yale maneno mawili ya mwisho, sauti ilimshuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa vita vya msituni, askari walikuwa wakizingira vitongoji vya Kampala, wakiwakusanya watu na kuwapakia kwenye malori. Misako ile wananchi waliipa jina la amri iliyotangulia: panda gari. Mzee aliniambia kwamba yeye alipandishwa pamoja na kaka yake, na kwamba yeye alirudi. Hakuendelea, nami sikumwuliza zaidi.

Ndugu msomaji, wewe uliyelelewa na Kiswahili cha bibi, cha hadithi na cha salamu ndefu za pwani, ni vigumu kuelewa kwamba kwa mtu mwingine lugha hiyo hiyo ni mlio wa kitako cha bunduki mlangoni. Hapa ndipo ilipo historia ya Kiswahili nchini Uganda. Kilikuwa lugha ya kambi na ya polisi tangu enzi za wakoloni. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kutangazwa na mtu kama yule hakukukipa marafiki. Mwaka 2005 marekebisho ya katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sheria imekifungulia mlango mara kadhaa, lakini moyo wa mtu haufunguliwi kwa tangazo.

Hata leo nimemsikia mlinzi wa lango akizungumza na mwenzake kwa Kiganda kitamu, wakicheka, mpaka mchuuzi alipokaribia na beseni lake la ndizi. Hapo mlinzi akabadili lugha: “Toka hapa!” Hakuibadili ili aeleweke, kwa kuwa mchuuzi ni Mganda kama yeye. Aliibadili ili aogopwe.

Nilimweleza mzee kwamba kuna Kiswahili kingine kilichoingia hapa kwa amani, kikapokewa hata kikasahauliwa kuwa kiligeni. Anaposema kwa Kiganda “ekitabo”, “ebbaluwa”, “edduuka” au “emmeeza”, anatamka kitabu, barua, duka na meza. Anapotaja saa, huihesabu kama anavyoihesabu mtu wa Tanga, kuanzia jua linapochomoza. Maneno hayo yalikuja na wafanyabiashara na wasomi, na hakuna aliyeshikiwa fimbo ili ayatumie. Kisha nikamfundisha salamu moja. Nikamwambia: mdogo humwambia mkubwa “shikamoo”, na mkubwa hujibu “marahaba”. Nikamwamkia. Akalijaribu jibu mara mbili, polepole, kama mtu anayeonja chakula kigeni. Alipofika kituo chake akasema: “Wanafunzi wako hujifunza lipi kwanza, hili au yale manne?” Nikamjibu kwamba huanza na hili. Akashuka akitikisa kichwa cha kukubali.

Usiku ule nilifungua sarufi kwa macho mapya. Maneno yote manne ya mzee yamo katika hali moja tu ya kitenzi, hali ya amri: panda, toka, lala, leta. Asiyefundishwa zaidi ya hapo angedhani Kiswahili kizima ni amri. Lakini badili irabu ya mwisho tu, -a ikawa -e, na uweke nafsi mbele, uone kinachotokea. “Panda” humsukuma mtu. “Naomba upande” humwachia nafasi ya kukataa. “Tupande” humwingiza msemaji mwenyewe ndani ya gari. Kitenzi ni kile kile na gari ni lile lile. Kilichobadilika ni mahali anaposimama yule anayesema. Serikali inayojua hali moja tu ya kitenzi huzalisha watu wanaojua kutii na kukwepa, na wasiojua kitu cha tatu.

Jumamosi: Majembe mtaroni

Waganda wana neno “bulungi bwansi”, maana yake wema wa nchi, nalo hutaja kazi ya pamoja ya kufyeka njia, kusafisha visima na kutengeneza madaraja. Zamani ngoma ililia alfajiri kuwaamsha watu, na mdundo wake ulimwambia kila mmoja kwamba si wakati wa kulala. Rwanda wana umuganda, Tanzania kuna msaragambo. Jina hubadilika kila unapovuka mpaka, jembe ni lile lile.

Jumamosi mtaa wetu ulikubaliana kuuzibua mtaro. Tulitangaziwa tungekuwa wengi, tulifika 23. Walikuwepo wapangaji, akina mama, mwenye duka, na vijana wa bodaboda waliosimamisha kazi kwa saa mbili. Mama wa mboga, yule wa risiti, alifika na jembe la kuazima. Kutoka kwenye nyumba zenye kuta ndefu alikuja mtu mmoja tu, naye hakushika chepeo. Alisimama ukingoni, akatuambia kwamba yeye hulipa kodi, na kazi hii ni ya wenye mamlaka ya jiji.

Alikuwa na hoja, na nisingependa tuipuuze. Kulipa kodi pia ni wajibu uliotajwa katika ibara ile ile ya 17, na kodi hulipwa ili mitaro izibuliwe. Kazi ya pamoja ikigeuzwa kuwa pazia la kuficha uzembe wa waliolipwa kuifanya, tutakuwa tumelipa mara mbili: kwa fedha na kwa mgongo. Lakini mama wa mboga alimjibu bila kuinua kichwa: “Ni kweli, mwanangu. Ila mvua ikija haitakuuliza risiti.” Watu wakacheka, hata mwenye hoja. Akaondoka. Sitakudanganya kwamba alirudi na jembe. Hakurudi.

Tulitoa chupa nyingi, mifuko, kiatu kimoja cha mtoto na godoro lililooza. Tulipomaliza, mwenye duka alileta chai na chapati, na waliopita njia walituambia “gyebale ko”, salamu ya Waganda kwa mtu aliye kazini, inayomshukuru kwa anachokifanya. Kabla ya kutawanyika, tuliandika barua kwa ofisi ya tarafa kuomba kalvati lililopasuka litengenezwe, tukaitia sahihi sote 23, na aliyepewa kuipeleka akaagizwa arudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Hivyo mikono ilifanya ya mikono, na kalamu ikafanya ya kalamu. Kufikia jioni maji ya siku nyingi yalikuwa yameanza kushuka.

Jumapili: Kazi ya nyumbani

Jumapili sikuandika jambo jipya. Niliyasoma yale sita nikajiuliza yanahusiana vipi, na nikaona kwamba katika kila moja palikuwa na mtu aliyebadili hali ya kitenzi, au aliyeshindwa kuibadili. Msichana wa sare alisema “tumetimia”, akawapa wengine nafsi ya kujiunga nayo. Kijana wa chupa alikuwa peke yake ndani ya kichwa chake. Yule wa pikipiki hakuamuru mtu, ila alisimama yeye kwanza. Mama wa mboga aliuliza badala ya kupiga kelele. Mzee alikuwa amefungiwa kwa miaka 40 ndani ya amri nne. Na wale 23 walisema “tuzibue” wakashika majembe, wakasema pia “tunaomba mtengeneze” wakashika kalamu.

Mwalimu hawezi kuachana na wewe bila kukupa kazi ya nyumbani, nami nakupa tatu, zote ndogo.

Kwanza, lijue jina la kiongozi wa mtaa wako na mahali ofisi yake ilipo, kabla hujapata shida ya kukupeleka huko. Wengi tunalijua jina la rais wa nchi ya mbali, na hatumjui anayeandika barua ya utambulisho wetu.

Pili, kila utakapotoa fedha katika ofisi ya umma, omba risiti, kwa sauti ya chini na kwa heshima. Ukiambiwa hakuna, uliza tena, kisha keti.

Tatu, chukua daftari lako uandike vitenzi hivi vitano: simama, safisha, lipa, sikiliza, rudisha. Kila kimoja kiandike mara tatu: kwanza kama amri, kisha kama ombi, kisha kwa nafsi ya kwanza wingi, yaani tusimame, tusafishe, tulipe, tusikilize, turudishe. Safu ya tatu ikikamilika, chagua neno moja na ulifanyie kazi wiki hii katika mtaa wako. Ukimkuta mtu ambaye Kiswahili chake chote ni amri, usimcheke. Muulize alikifunza wapi, umsikilize mpaka mwisho, kisha mwamkie.